Sahihi Si Mwisho wa Mkataba

Maelezo yaliyotolewa na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika katika semina ya mameneja, makatibu na watunza bohari wa vyama wanachama



Nimeombwa nizungumze juu ya usimamizi wa mikataba ya ununuzi katika vyuo vikuu vya umma, hasa kwa upande wetu sisi ambao vyama vyetu vinauza mali au huduma kwa vyuo hivyo. Naona ni vema niseme mapema kwamba mimi si msomi wa chuo kikuu. Nilimaliza kidato cha nne, nikaajiriwa, na kazi ya ukaguzi nikafundishwa nikiwa kazini. Chuo kikuu nimekifahamu kwa kupitia mlango wa bohari na mlango wa ofisi ya malipo. Lakini, ndugu zangu, hiyo ndiyo milango miwili ambako fedha za wanachama wetu huokolewa au hupotea.

Nimechagua somo hili kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba vyuo vikuu vya umma vimekuwa wanunuzi wakubwa. Mwaka 2021 Serikali ilianza kutekeleza Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaojulikana kwa kifupi kama HEET, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425. Mradi huo umeleta ujenzi wa madarasa, maabara na mabweni katika vyuo vya umma sehemu nyingi za nchi. Bweni halikamiliki kwa kuta na paa. Linahitaji meza, viti, vitanda, mapazia, na watu wa kulitunza. Vyama vyetu vya maseremala, vya washonaji na vya wakulima vinaweza kushiriki katika kazi hizo.

Sababu ya pili ni chungu zaidi. Nimekwisha kushuhudia chama kimoja kikipata kazi ya chuo kikuu kwa shangwe, kikaifanya kwa ustadi, na mwisho kikabaki na hasara. Nitakisimulia kisa hicho kama kilivyokuwa, bila ya kutaja chama wala chuo, kwa kuwa lengo langu ni kufundishana na si kuaibishana. Na nitakapofika mahali ambapo kosa lilikuwa langu mimi mkaguzi, sitaruka.

KISA CHA MEZA MIA MBILI

Chama hicho ni cha maseremala, wanachama 46. Kilishinda zabuni ya kutengeneza meza 200 za kusomea pamoja na viti 200 kwa ajili ya mabweni ya chuo kikuu kimoja cha umma. Meza ilikuwa shilingi 180,000 na kiti shilingi 70,000. Kwa hiyo mkataba mzima ulikuwa wa shilingi 50,000,000. Mbao zilitajwa kuwa ni mninga uliokauka, vipimo viliandikwa, na mchoro uliambatanishwa. Chama kilikopa shilingi 18,000,000 kutoka katika chama cha akiba na mikopo ili kununua mbao. Kwa hesabu ya Bodi, baada ya kulipa mbao, mafundi, usafiri na riba, chama kingebakiwa na ziada ya shilingi 9,000,000. Kwa chama cha ukubwa ule, ziada hiyo ingetosha kununua mashine ya kuranda mbao ambayo wanachama walikuwa wakiitamani kwa miaka mingi.

Kazi ilianza vizuri. Zilipokwisha kutengenezwa meza 80, alifika karakanani msimamizi wa mabweni. Akazitazama, akazisifu, kisha akasema kwamba wanafunzi hawana mahali pa kufungia vitu vyao, na ingekuwa vema kila meza iwe na mtoto wa meza mwenye kufuli. Mwenyekiti wa chama akauliza habari ya gharama. Yule bwana akajibu kwamba lisiwatie wasiwasi, yeye ataliweka sawa na wakubwa. Wakapeana mikono.

Ndugu Wanaushirika, hakuna ushahidi wowote kwamba msimamizi yule alikuwa mtu mbaya. Aliwaonea huruma wanafunzi wake. Lakini hakuwa na mamlaka ya kubadili mkataba, na chama hakikumuuliza anayo wapi. Watoto wa meza 200 pamoja na kufuli zake waligharimu shilingi 28,000 kwa kila meza, yaani shilingi 5,600,000 kwa jumla. Kazi hiyo ya nyongeza ilikula siku 21 zaidi ya tarehe ya kukabidhi iliyoandikwa katika mkataba.

Siku ya kupeleka mali, lori lilifika chuoni Ijumaa jioni. Bohari ilikuwa imefungwa. Mlinzi wa zamu akafungua lango, meza zikashushwa barazani, na mlinzi akatia sahihi katika ukurasa wa daftari la shule. Usiku wa Jumamosi mvua ikanyesha. Jumatatu Kamati ya Ukaguzi na Upokeaji wa Mali ilipokutana, ilikuta meza 23 zimeumuka nyuso na kufunguka maungio. Ikazikataa. Chama kikasema meza ziliharibikia mikononi mwa chuo. Chuo kikasema kwamba hakijapokea kitu, kwa sababu mlinzi hapokei mali, na mali inapokelewa na kamati.

Ankara ikapelekwa katikati ya Juni. Ikarudishwa kwa kuwa ilidai watoto wa meza ambao hawamo katika mkataba, na kwa kuwa haikuambatana na hati ya kupokelea mali. Ilipokwisha kusahihishwa, mwaka wa fedha wa Serikali ulikuwa umefungwa tarehe 30 Juni. Dai la chama likaingizwa katika orodha ya madeni yanayosubiri kuhakikiwa. Malipo yakatoka Novemba.

Tufanye hesabu pamoja. Watoto wa meza, shilingi 5,600,000, hawakulipwa. Meza 23 zilizokataliwa, shilingi 4,140,000, hazikulipwa. Fidia ya kuchelewa, ambayo mkataba uliiweka kuwa asilimia 0.1 ya thamani kwa kila siku, kwa siku 21 ilikuwa shilingi 1,050,000. Jumla ni shilingi 10,790,000. Ziada ya shilingi 9,000,000 ikageuka kuwa hasara ya shilingi 1,790,000, na hapo sijahesabu riba ya miezi mitano ya mkopo. Mashine ya kuranda haikununuliwa. Baadhi ya wanachama walijitoa.

Nilipoitwa kuchunguza, Mwenyekiti, fundi mzee anayeheshimiwa mji mzima, aliniambia neno moja tu: "Tulikubaliana kama watu wazima." Sikuwa na la kumjibu, maana miezi sita kabla ya hapo nilikuwa nimekikagua chama kile kile. Niliomba kuuona mkataba. Nikaambiwa upo, umehifadhiwa nyumbani kwa Mwenyekiti. Nilikuwa na haraka ya kwenda chama kingine, nikaandika katika taarifa yangu kwamba kumbukumbu za mikataba zinaridhisha. Lau ningeukalisha mkataba ule mezani siku ile na kuusoma pamoja na Bodi, huenda yule msimamizi angekuta watu wanaojua la kumjibu. Nimeitubu haraka ile, na ndiyo sababu nasimama mbele yenu leo.

JINSI CHUO KIKUU CHA UMMA KINAVYONUNUA

Makosa ya chama kile yalitokana na kutojua kwamba chuo kikuu cha umma si mtu mmoja. Mnunuzi wa sokoni ana mfuko mmoja na mdomo mmoja. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Chuo cha umma kinanunua kwa fedha za wananchi, na sheria imegawa kazi hiyo kwa makusudi, ili asiwepo mtu mmoja anayeweza kuomba, kuchagua, kupokea na kulipa peke yake.

Katika nchi yetu sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023, iliyoanza kutumika 2024. Ilichukua nafasi ya Sheria Na. 7 ya 2011, nayo ilikuwa imeifuta ile Na. 21 ya 2004, iliyotanguliwa na Na. 3 ya 2001. Natoa orodha hiyo ili mwone kwamba taratibu hizi zimekuwa zikirekebishwa mara kwa mara, na kwamba katibu anayetegemea nakala ya zamani aliyoirithi kabatini anajitafutia taabu. Aidha, tangu 2023 zabuni za taasisi za umma zinatangazwa na kuwasilishwa kwa njia ya mfumo wa kielektroniki wa NeST. Chama ambacho hakijajisajili humo hakionekani, hata kama karakana yake iko ng'ambo ya barabara kutoka lango la chuo.

Ndani ya chuo, wahusika ni hawa. Juu kabisa yupo Afisa Masuuli, ambaye kwa kawaida ni Makamu Mkuu wa Chuo. Yeye ndiye mwenye dhamana ya fedha na ndiye anayetia sahihi mkataba au kumpa mwingine madaraka ya kufanya hivyo. Ipo Bodi ya Zabuni, inayoidhinisha tuzo za zabuni. Kipo Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi, ambacho ndicho ofisi ya kila siku ya shughuli hizi. Ipo idara tumizi, yaani wale wenye haja ya mali. Katika kisa chetu, ofisi ya mabweni. Ipo kamati ya kutathmini zabuni. Na mali inapofika, ipo kamati ya kuikagua na kuipokea. Mwisho yupo mhasibu, ambaye halipi kwa kuamini bali kwa kuona karatasi.

Kila mmoja wa hawa ana kazi yake, na sheria inataka asiingilie kazi ya mwenzake. Kwa hiyo msimamizi wa mabweni anaweza kusema anachokihitaji, lakini hawezi kukiongeza katika mkataba. Mlinzi anaweza kufungua lango, lakini hawezi kupokea meza. Hata mhasibu mwenye moyo mwema hawezi kulipa kile ambacho hakikuandikwa. Akilipa, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali atamkuta. Taarifa za ukaguzi huo zimetaja kwa miaka mingi dosari za namna hii katika taasisi za umma: mali kupokelewa bila kukaguliwa na kamati, mikataba kubadilishwa bila idhini, malipo kufanyika bila hati za kutosha. Hivyo afisa anayeikataa ankara ya chama pengine hana chuki na ushirika. Anailinda kazi yake, na anazilinda fedha ambazo ni zetu sote.

Nalisema hili kwa sababu katika mikutano yetu nimesikia mara nyingi kwamba "chuo kimetudhulumu". Kudhulumiwa kupo, na nitaeleza njia ya kudai haki. Lakini kabla ya kudai, chama hakina budi kujiuliza kama kina karatasi ya kudaia.

WAJIBU WA CHAMA KATIKA KUUTUNZA MKATABA

Ndugu Wajumbe, watu wengi hudhani kwamba kazi kubwa ni kushinda zabuni, na kwamba sahihi ikisha kutiwa, iliyobaki ni kazi ya fundi tu. Mimi nasema kwamba siku ya sahihi ndiyo siku mkataba unapozaliwa, na mtoto aliyezaliwa anataka mlezi. Yafuatayo ni mambo sita ambayo naviomba vyama vyote viyashike.

La kwanza: mkataba usomwe na Bodi kabla ya kutiwa sahihi, kifungu kwa kifungu, kwa sauti. Mikataba mingi huandikwa kwa Kiingereza. Kama hakuna mjumbe anayekimudu, aitwe mtu wa kutafsiri, au uletwe kwetu. Wajumbe waelewe tarehe ya kukabidhi, mahali pa kukabidhi, fidia ya kuchelewa, muda wa malipo, na nani ametajwa kuwa msimamizi wa mkataba kwa upande wa chuo. Na kama kazi itahitaji mkopo, Bodi itazame ukomo wa madeni uliopitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Zabuni kubwa si ruhusa ya kuvuka ukomo huo.

La pili: chama kimteue mtu mmoja awe mlezi wa mkataba, na jina lake liandikwe katika kumbukumbu za Bodi. Si lazima awe Mwenyekiti. Afadhali asiwe, kwa kuwa Mwenyekiti huombwa mengi na wengi, na hukubali mengi kwa ajili ya heshima. Mlezi huyo afungue jalada moja lenye mkataba, mchoro, barua zote, hati zote na daftari la matukio. Jalada likae ofisini na si nyumbani kwa mtu. Katika juma la kwanza baada ya sahihi, aende chuoni akamwone msimamizi wa mkataba aliyetajwa, wafahamiane, na amwulize: mali ikiwa tayari, nimwandikie nani?

La tatu, na hili ndilo lililokiumiza chama chetu: badiliko lolote lisifanywe mpaka liandikwe. Liwe la kipimo, la mbao, la idadi, la tarehe au la mahali. Anayekuja na ombi apokewe kwa adabu, akaribishwe chai, kisha aambiwe: "Ndugu, tumekuelewa. Tutaandika leo hii kwa ofisi, nasi tutaanza mara tupatapo idhini." Barua yenyewe haizidi mistari mitano: nani alifika, siku gani, aliomba nini, gharama ni kiasi gani, na siku ngapi zitaongezeka. Nakala ipelekwe Kitengo cha Ununuzi na igongwe muhuri wa kupokelewa. Chuo kikikubali, marekebisho ya mkataba yatapita katika ngazi zake na kutiwa sahihi. Kikikataa, chama kinaendelea na mchoro wa awali bila ya hasara. Chama chetu kingeandika barua hiyo, ama kingelipwa shilingi 5,600,000 na kuongezewa siku, ama kisingezitumia kabisa.

La nne: mali ipelekwe kwa miadi, na ipokelewe na mwenye kuipokea. Chama kiandike siku kadhaa kabla kwamba mali itafika siku fulani saa fulani, siku ya kazi, saa za kazi. Inapofika, hati ya kupelekea mali iwe na nakala za kutosha, na mtunza bohari wa chuo aandike jina, cheo, tarehe na idadi. Mlezi wa mkataba awepo kamati inapokagua. Kama kamati imekataa baadhi, aombe sababu kwa maandishi na muda wa kurekebisha, kwa kuwa mali iliyokataliwa kwa kasoro ndogo mara nyingi huweza kutengenezwa na kurudishwa. Na kama bohari imefungwa, lori ligeuke. Najua mafuta ni ghali. Lakini gharama ya lori kurudi mara moja si chochote mbele ya meza 23.

La tano: ankara iandikwe sawasawa na mkataba, mara mali ikisha kupokelewa, na iambatane na hati ya agizo, ambayo wengi tunaiita LPO, hati ya kupelekea mali, hati ya kupokelewa, taarifa ya kamati ya ukaguzi, na risiti ya mashine ya kodi pale inapohitajika. Karatasi moja ikikosekana, jalada zima hurudi nyuma. Zaidi ya hayo, chama kiitazame kalenda ya Serikali. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Ankara inayofika Aprili hukuta fedha zikiwa zimetengwa. Inayofika mwisho wa Juni hukuta vitabu vikifungwa. Mnapojadili tarehe za kukabidhi, jitahidini mali ifike mapema kuliko msimu huo.

La sita: ugomvi ukitokea, ufuatwe kwa njia yake. Malalamiko juu ya mwenendo wa zabuni yenyewe hupelekwa kwanza kwa Afisa Masuuli, kwa maandishi na ndani ya muda uliowekwa na sheria. Asiporidhika, mlalamikaji anaweza kwenda kwa Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma. Madai yatokanayo na mkataba uliokwisha kutiwa sahihi hufuata kifungu cha usuluhishi kilichomo ndani ya mkataba huo. Kwa njia zote mbili, atakayesikilizwa ni mwenye jalada. Na kama mtu wa chuo anadai chochote ili asukume malipo, chama kisitoe hata senti moja. Kitoe taarifa TAKUKURU. Chama kinachotoa rushwa kimeiba fedha za wanachama mara mbili: zile zilizotolewa, na zile kitakazodaiwa kila zabuni ijayo.

SISI WENYEWE TUNAPONUNUA

Kabla sijamaliza, naomba niugeuze mjadala huu kidogo. Tumezungumza kama wauzaji, lakini kila chama hapa ni mnunuzi pia: tunanunua mbolea, magunia, dawa, mbao, na huduma ya usafiri. Je, tunanunuaje? Katika vyama kadhaa nilivyovikagua nimekuta Meneja ndiye aliyeona haja, ndiye aliyemchagua muuzaji, ndiye aliyepokea magunia usiku, na ndiye aliyeandika hundi. Tunalalamika kwamba chuo kikuu kina ofisi nyingi na karatasi nyingi, nasi kwetu mtu mmoja amekaa katika viti vyote vinne.

Hatuhitaji kuwa na bodi ya zabuni yenye wataalamu ili kujifunza kutoka katika utaratibu huo. Chama kidogo kabisa kinaweza kuweka kanuni hii: anayeomba asichague, anayechagua asipokee, anayepokea asilipe. Wajumbe watatu wa kupokea mali, wakiwa na kalamu na orodha, wanatosha. Mwanachama akiuliza katika Mkutano Mkuu magunia yalikuwa mangapi, pawepo karatasi ya kumjibu na si kiapo.

Wengi wetu tumesoma, au tumefundishwa na watu waliosoma, pale Moshi. Chuo kile kilianza 1963 kama Chuo cha Ushirika, na 2014 kikawa chuo kikuu kamili. Hivi leo mahali palipotufundisha ushirika penyewe ni taasisi ya umma, panapofuata sheria hii hii ya ununuzi. Sioni sababu ya wanaushirika kuuona utaratibu huo kuwa ni ugeni. Msingi wake ni ule ule wa kwetu: mali ya wengi isiwe mikononi mwa mmoja.

MWISHO

Ndugu Mwenyekiti, najua lipo jambo gumu katika niliyoyasema. Ushirika umejengwa juu ya kuaminiana. Wazee walioanzisha vyama vyetu walikuwa wakipimiana kahawa na pamba kwa neno tu, na kumdai mtu karatasi kulionekana kama kumtukana. Mwenyekiti wa maseremala hakuwa mjinga. Aliishi kwa adabu ile. Lakini msimamizi aliyempa mkono hakuwa mwenye mali. Mwenye mali ni umma, na umma hauna mkono wa kutoa wala sikio la kukumbuka ahadi. Una karatasi tu. Kuandika barua kwa chuo si kumtilia mtu shaka. Ni kumlinda yeye, na kuwalinda wanachama waliotutuma.

Chama kile hakijafa. Kilimaliza kulipa mkopo mwaka uliofuata, kwa kazi ndogo ndogo za milango na madirisha. Mara ya mwisho nilipokitembelea, jalada la mikataba lilikuwa ofisini, na mlezi wake, msichana aliyemaliza kidato cha nne hivi karibuni, alinizuia kwa upole nisilichukue bila kutia sahihi katika daftari lake. Nilitia sahihi kwa furaha.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Naviomba vyama vyote, kabla ya mwisho wa mwezi huu, vitoe mikataba yao kabatini, viisome upya na Bodi zao, na viteue mlezi kwa kila mmoja. Nitakapopita kukagua, hilo ndilo nitakaloliomba kwanza, na safari hii sitakuwa na haraka.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kuwasilisha.